Laini ya Kumi na Saba

Tangu habari zienee Muhuru Bay kwamba kampuni ya simu ndiyo inayonilipia masomo ya uzamivu, sijawahi kufika nyumbani nikakaa dakika kumi bila kuletewa simu mbovu. Watu hawaamini kwamba mtu anaweza kusomeshwa na kampuni ya simu halafu asijue kwa nini salio lao limeliwa. Jirani mmoja alinifuata hadi chooni, akasimama nje ya mlango wa mabati akinieleza jinsi alivyosahau namba yake ya siri. Nilimjibu kutoka ndani kwamba mimi nasomea usalama wa mitandao ya simu, sitengenezi simu. Akasema hana haraka, atangoja.

Nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo cha ufundi Homa Bay nilipoona tangazo la ufadhili. Kampuni ilitaka watafiti wachache wa kuchunguza jinsi wezi wanavyoingilia laini za watu. Kwenye usaili waliniuliza kwa nini wanichague mimi na si vijana wa Nairobi. Nikawaambia kwamba kwa mama yangu chumba cha kulala kiko Kenya na jikoni ni Tanzania. Wakacheka, wakadhani nafanya mzaha. Nikawaeleza kwamba Muhuru Bay iko ukingoni kabisa mwa Migori, na ukitoka chumba kimoja kwenda kingine simu inaacha mnara wetu na kushika wa ng'ambo, kisha ujumbe unaingia: Karibu Tanzania. Mama amekaribishwa Tanzania mara zisizohesabika akiwa na mwiko mkononi. Mashine za kampuni, nikawaambia, zinamwona ni mtu anayevuka mpaka mara ishirini kwa siku. Waliacha kucheka, wakaanza kuandika.

Nikapata. Ada, posho, kompyuta mpya, na kile nilichokitamani kuliko vyote: ruhusa ya kusoma kumbukumbu za laini za eneo letu za miaka mitatu. Namba halisi zilikuwa zimefichwa, kila laini imepewa alama zake tu. Alama ipi imepiga, saa ngapi, chini ya mnara upi, lakini nani hasa, hapana. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, utafiti uzae kitu ambacho kampuni inaweza kukitumia. La pili, nisijaribu kamwe kumjua mtu aliye nyuma ya alama. Nilitia sahihi yote mawili kwa mkupuo, la pili nikijicheka kimoyomoyo, kwa sababu mimi ni mtu wa kuchungulia. Nikiwa darasa la nne nilitumwa na mwalimu mkuu nimpelekee baba barua. Niliifungua njiani, nikaisoma yote, nikaibandika tena kwa uji.

Baba ndiye aliyegundua, kwa harufu. Hakunipiga. Aliniuliza tu kama niliyoyasoma yalistahili uji wote ule.

Alikuwa mvuvi wa omena, dagaa wa ziwa letu, mwenye mashua yake. Ubavuni mwa mashua hiyo aliandika kwa rangi nyeupe namba yake ya simu, kubwa kuliko jina la mashua lenyewe, ili wanunuzi waisome wakiwa ufukweni. Namba hiyo ilijulikana kutoka Muhuru hadi soko la Homa Bay. Alipofariki mwaka juzi, mama aliitoa kadi kwenye simu kubwa ya baba, akaitia kwenye simu yake ndogo ya tochi, ile watu wanaiita mulika mwizi, akaendelea na biashara. Kwetu mjane huitwa chi liel, mke wa kaburi. Hata sasa yeye ni mke wa baba, nyumba ni ya baba, na laini ni ya baba. Akipiga simu sokoni, wanunuzi wanaona jina la marehemu kwenye vioo vyao na wanapokea bila kushtuka. Hata simu yangu huandika "Baba," nami hupokea nikisema, "Mama, habari ya huko?"

Haya yote niliyajua. Nasisitiza, niliyajua vizuri kabisa, kama binti. Kama mtafiti hayakunipitia akilini hata siku moja, na hilo ndilo kosa ninalolisimulia hapa.

Kazi yangu ilikuwa kuifundisha mashine kutambua laini iliyotekwa. Mwizi akifanikiwa kuhamisha laini yako iwe mikononi mwake, kuna dalili. Simu inayobeba laini inabadilika ghafla. Watu wanaopigiwa wanabadilika. Safari za kila siku zinabadilika. Kabla ya mabadiliko hayo huwa kuna kimya cha siku kadhaa. Na kabla ya kimya, mara nyingine, kuna mvua ya simu: namba moja inampigia mwenye laini mfululizo, haipokelewi, inapiga tena. Hiyo ni mbinu ya wezi. Wanamchosha mtu mpaka azime simu mwenyewe, asije akaona laini yake ikipotea.

Laini nyingi zilikuwa na dalili mbili, tatu. Laini ya kumi na saba kwenye orodha yangu ilikuwa nazo zote. Nakumbuka furaha niliyoipata asubuhi hiyo, mpaka nikainuka kwenye kiti. Simu arobaini na moja ndani ya saa moja, kutoka namba moja, hakuna hata moja iliyopokelewa. Kisha kimya cha siku tisa. Kisha laini inaamka kwenye simu nyingine, inapigia watu wengine, inasafiri. Niliichora kwa rangi. Ile namba iliyopiga mara arobaini na moja nikaipaka nyekundu, pembeni nikaandika: mshambuliaji.

Niliiwasilisha hotelini Homa Bay, kwenye ukumbi unaotazama ziwa, mbele ya msimamizi wangu aliyetoka chuo kikuu na afisa wa kampuni anayeshughulikia ufadhili wetu. Afisa aliielekeza kalamu kwenye ile namba nyekundu.

"Huyu mshambuliaji wako ana bidii," akasema.

Ukumbi ukacheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti.

Siku hiyohiyo wakaamua kuijaribu mashine yangu katika eneo letu. Laini zenye dalili nyingi zingefungwa mpaka mwenyewe afike dukani ana kwa ana, na kitambulisho chake, alinganishwe na picha. Asipofika kwa miezi mitatu, namba ingepewa mtu mwingine. Nilikula wali kwa samaki na chapati juu yake, nikarudi chuoni nikiwa nimeshiba sifa.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi, namba nisiyoijua ikanipigia nikiwa darasani. Alikuwa mama, kwa simu ya mwenzake wa sokoni.

"Simu ya babako imekataa," akasema. "Wanasema nimlete mwenyewe."

Nilimkuta dukani, mtaa wa nyuma ya soko, magunia yake mawili ya omena yakiwa mlangoni. Duka lile la simu ni la mwanamke Mwislamu aliyehamia na familia yake kutoka Isiolo, mtaratibu, mwenye Kiswahili kilichonyooka. Mama alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mama yangu, mashine ndiyo inakataa, si mimi," mwenye duka alisema. "Inasema laini hii imeibwa. Inamtaka mwenye kitambulisho."

"Imeibwa na nani? Mimi ndio niko nayo."

"Ndiyo hivyo, mama. Inasema aliye nayo ndiye mwizi."

"Mimi?" Mama aligeuka akanitazama, kisha akamrudia. "Nimekuwa bibi ya huyu mtu miaka thelathini na nne. Watoto wake ni wangu. Nyavu yake ni yangu. Laini tu ndio nimeiba?"

"Lete basi cheti cha kifo na barua ya chifu, tuihamishe kwa jina lako."

"Unaweza?" nikamuuliza.

Mwenye duka alibofya, akasoma, akatikisa kichwa. Laini iliyofungwa kwa shaka ya wizi haihamishwi. Ni lazima mwenyewe aje kwanza aifungue.

"Sasa mnataka nimfukue?" mama akauliza. Mteja aliyekuwa nyuma yetu alitoka nje polepole.

Mwenye duka alisema pole, akamwekea mama kiti na soda. Mimi nilisoma kwenye kioo chake maneno yaliyoonyeshwa: dalili za kutekwa, zote. Kwenye orodha yangu ni laini moja tu iliyokuwa nazo zote.

Nilirudi ofisini na kufanya kile nilichoapa kutokifanya. Niliifungua laini ya kumi na saba, na kwa mara ya kwanza nikaitazama kana kwamba kuna mtu ndani yake. Jumatano, Muhuru. Alhamisi alfajiri, Sori. Saa nne, Homa Bay sokoni. Na kila Alhamisi, ikirudi, laini hiyo ilikaa chini ya mnara wa Lambwe saa moja na nusu. Lambwe anakaa mama mdogo, ndugu yake mama, ambaye hupelekewa vumbi la omena la kulishia kuku, naye hutoa chai na karanga. Hakuna mwizi duniani anayepeleka chakula cha kuku Lambwe kila Alhamisi.

Nikajua pia kwamba, kama laini ni ya baba, basi ile mvua ya simu nayo ina mwenyewe. Nilikuwa na saa yake na mnara wake mbele yangu. Niliifunika kompyuta. Mimi, mtu wa kuchungulia, sikutaka kuona.

Jumamosi nilikwenda Muhuru. Sikumwambia mama lolote kwanza. Nilitembea ufukweni, mahali wanawake wanapoanika omena juu ya nyavu kuukuu, nikauliza kwa sauti, "Nani hapa anatumia laini ya mtu aliyefariki?"

"Ya bwana au ya mama mkwe?" mmoja akauliza, wakacheka wote.

Walikuwa wengi. Mmoja alitumia laini ya mumewe kwa sababu wenye mashua hawapokei namba wasiyoijua. Mwingine ya kaka yake, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu cha kikundi chao. Bibi mmoja aliyekuwa akipindua omena kwa mguu alisema yeye haitumii ya marehemu mumewe kupiga, anaiwekea tu vocha kidogo kila mwezi isife. Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

"Sasa ife mara mbili?" akasema.

Niliandika yote, kwa idhini yao, bila jina la mtu. Nikamtumia msimamizi na afisa wa kampuni ripoti ndefu: mnachokiita kutekwa, kwetu ni kurithi. Fungueni laini hizi. Nilijiona nimepata njia safi, ya kumwokoa mama bila kukiri kwamba nimeivunja ahadi.

Tukaongea kwa simu, sisi watatu. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameisoma ripoti yote.

"Hawa wajane nimewaelewa," akasema. "Tutazitazama upya laini zao. Lakini ya kumi na saba ibaki imefungwa. Ile ilishambuliwa. Ulituonyesha wewe mwenyewe. Mjane hapigiwi mara arobaini na moja kwa saa moja."

Mchoro wangu mwenyewe, rangi yangu mwenyewe nyekundu. Nilikuwa nimeitengeneza hoja ile vizuri mno. Kulikuwa na wiki kumi zilizobaki kabla ya namba ya baba kupewa mtu asiyeijua mashua yetu.

"Haikuwa mshambuliaji," nikasema.

"Unajuaje?" msimamizi akauliza. Alikuwa amekwisha kujua kwamba kuna jambo. Nilimsikia akivuta kiti.

"Kwa sababu ni mimi."

Nikawaeleza. Siku ile baba mdogo alinipigia akasema, "Babako ameanguka," kisha simu ikakatika. Hakusema kaanguka wapi, wala kama yu mzima. Nilikuwa Homa Bay, nje ya darasa, chini ya mnara uleule uliokuwa kwenye mchoro. Nikampigia baba. Nikampigia tena. Wakati huo walikuwa wamekwisha kumpakia garini kumkimbiza hospitali, na simu yake ilibaki nyumbani ndani ya koti, kwenye msumari. Majirani walinisimulia baadaye kwamba ililia mpaka wakaogopa. Hakuna aliyeishika. Nani angepokea, na angesema nini?

Mwishoni afisa akauliza, kwa upole, kama ninaweza kulithibitisha hilo, maana hata yeye hakuruhusiwa kuzifunua namba zilizofichwa.

Mambo ya kampuni niyamalize hapa, maana ni mafupi. Laini ilifunguliwa, na nyingine nyingi pamoja nayo, na jaribio likasimamishwa mpaka mashine ifundishwe tofauti. Nilinyang'anywa ruhusa ya kusoma kumbukumbu kwa sababu nilimtambua mtu, na kamati ya maadili ya chuo iliniita nijieleze. Walikuwa na haki. Barua ya kuniongezea ufadhili wa mwaka wa mwisho haijafika mpaka ninapoandika haya. Msimamizi ananiambia nisichoke kungoja. Majirani bado wananiletea simu.

Lakini huo uthibitisho. Nilirudi Muhuru siku iliyofuata, nikamkuta mama jikoni akichambua omena. Nilikaa kwenye kigoda, nikamwambia yote: mashine ni yangu, mimi ndiye niliyefunga laini, mimi ndiye niliyemwita mwizi mbele ya watu kwenye ukumbi wa hoteli. Nilimwambia na habari ya simu arobaini na moja, na nilivyoziita.

Hakunisaidia. Aliendelea kuchambua.

"Hiyo laini ndio ilikuwa inakupigia shuleni kila Jumapili," akasema hatimaye. "Babako alikuwa anapanda mpaka kwa kilima kutafuta netiweki. Na wewe umeifunga."

"Nimekosa, mama."

"Umekosa sana."

Nililia, na aliniacha nilie. Simu yangu iliyokuwa mezani ikatoa mlio, ikatukaribisha Tanzania. Hapo mama akasimama, akajifuta mikono kwenye leso, akaingia chumbani. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na kitu alichokifunga kwenye kitambaa, akakifungua juu ya meza: ile simu kubwa ya baba. Nilidhani aliiuza zamani.

"Huwa naiweka chaji," akasema. "Isiharibike."

Aliiwasha. Ilichukua muda wake. Kisha akanigeuzia kioo, akarudi kwenye omena zake.

Hakuwa amefuta chochote. Zilikuwa palepale, juu kabisa, simu zisizopokelewa, arobaini na moja. Na mbele ya hesabu hiyo palikuwa na neno moja la Kijaluo, jina alilonihifadhia baba kwenye simu yake, ambalo sikuwahi kuliona kwa sababu mtu haoni jinsi alivyoandikwa kwenye simu ya mwingine. Hakuandika jina langu. Aliandika *Nyara*, binti yangu.